Majani Mengi, Bibi Mmoja

Kila mwaka, muhula ukishaanza kutulia, huwaambia watoto wangu wa darasa la kwanza waje shuleni na kitu kimoja kutoka nyumbani. Kimoja tu, nasisitiza, kwa sababu ukimwambia mtoto wa Makambako alete kiazi, mama yake atamjazia mfuko mzima kwa heshima ya mwalimu. Basi huja na kiazi kimoja, gunzi moja la mahindi, kizibo kimoja cha soda, parachichi moja bovu ambalo hakuna aliyelitaka, kijiko kimoja ambacho mwenyewe atakuja kukidai jioni. Natandika kanga sakafuni. Mtoto anasimama, anainua kitu chake, anakitaja: kiazi. Anakiweka kwenye kanga. Mwenzake mwenye kiazi anakuja, anaweka chake pembeni ya kile cha kwanza, na darasa zima linaitikia: viazi.

Ndivyo ninavyofundisha umoja na wingi. Wakubwa waliokuja kunikagua wamewahi kuniuliza kwa nini nisiandike tu ubaoni, upande huu umoja, upande ule wingi, watoto wakanakili. Huwajibu kwa adabu na kuendelea na kanga yangu. Nimekaa na watoto wadogo miaka mingi, na ninachojua ni kwamba mtoto haushiki wingi kwa kutazama chaki. Anaushika pale anapokiachia kitu chake kilale na cha mwenzake. Na wapo wasiotaka kuachia. Kila mwaka hayumkini kukosa mmoja anayesimama mbele ya kanga na gunzi lake kifuani, macho yamemtoka, anaona anataka kuibiwa mchana kweupe.

Wengi wao wanatoka majumbani ambako Kibena ndicho kinachopika na kuosha vyombo. Kiswahili wanakutana nacho sokoni na kwangu. Kwa hiyo napata mavikombe, napata makuku, napata mitu. Na napata wale wanaosema "Baba wamelala", na ukiuliza baba wangapi, wanakushangaa, kwa sababu baba ni mmoja. Kwetu milimani mtu mzima hasemwi kama kifaranga. Hutajwa kwa wingi ili uzito wake uonekane. Nami nimelelewa hivyo hivyo, kwa hiyo kosa hilo nalisahihisha kwa sauti ndogo. Mavikombe nayacheka nikishafika ofisini.

Mwaka ninaousimulia, kati ya watoto waliokaa kuizunguka kanga ile alikuwemo binti yangu mwenyewe. Mwalimu mkuu alinishauri nimweke mkondo mwingine, asije akadekezwa au akaonewa. Nilikataa. Nilikuwa nimemngoja mtoto yule tangu alipoacha ziwa, na sikuwa tayari kumkabidhi kwa mtu mwingine hata kwa vipindi vya asubuhi.

Nilipopangiwa kituo Makambako nilikuwa na mtoto mgongoni, chumba kimoja cha kupanga, na upepo ule wa Makambako unaoingia hata mahali ambapo hujui kuna tundu. Baba yake tulikuwa tumeachana bila ugomvi, kila mtu akashika njia yake. Mama yangu akaja kutoka Lupembe, anakolima chai yake kidogo na kuiuza ikiwa mbichi. Akakitazama chumba, akamtazama mjukuu anayekohoa, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Huyu nakwenda naye nyumbani." Kwetu si jambo la ajabu. Mtoto wa kwanza ni wa bibi, husemwa, na wengi wetu tumelelewa kwenye migongo ya mabibi. Nilikubali, maana ilikuwa busara. Wakaondoka naye amelala.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuja kuujua vizuri. Mchana kutwa nilifuta kamasi za watoto wa watu, nikawafunga kamba za viatu, nikawafungulia vifuniko vya chupa za uji. Jioni nikirudi chumbani mikono haikuwa na kazi. Nilimfahamu binti yangu kwa likizo. Kila likizo nilimnunulia gauni kwa kipimo nilichokumbuka, na kila likizo gauni lilimbana makwapani, kwa sababu nilikuwa nimemnunulia mtoto wa likizo iliyopita. Mama yangu alikuwa akilipokea, analikunja, anasema litamfaa mtoto wa jirani.

Kisha nikapata nyumba nzuri zaidi upande wa Mahongole, chumba na sebule, na kipande cha ardhi nyuma cha kupanda viazi. Mtoto naye alikuwa amefikia umri wa kuanza shule. Nikamwambia mama kwamba sasa namchukua. Akajibu, "Ni wako." Akaendelea kupepeta maharage.

Nilikwenda kumchukua Januari, mvua zikinyesha na chai ikichipua kwa fujo. Asubuhi ya safari niliamka nikakuta jiko limewashwa, viazi vimechemshwa na kufunikwa, na mama hayupo. Tenga lake la kuchumia halikuwepo ukutani. Sikushangaa. Wanawake wa upande wa mama yangu hawamuagi mtoto anayeondoka. Siku ya safari bibi huamka kabla ya jogoo, huacha chakula mekoni, huenda shambani, na hurudi nyumba ikiwa imeshapungua mtu. Wanasema ukimuaga mtoto unamfunga mguu, atageuka nyuma njia nzima. Sijui kama ni Wabena wote wafanyao hivyo au ni mlima wetu tu. Ninachojua ni kwamba binti yangu alikula viazi vyake, akavaa sweta, akapanda basi bila chozi hata moja, nami nikaishukuru mila ya wakubwa.

Makambako nilikuwa nimejiandaa kwa vilio. Nilinunua biskuti za kubembelezea, nikamwomba jirani mwenye watoto wa rika lake awe anawaachia waje kucheza. Sikuhitaji biskuti. Mtoto alikuwa na adabu ya kutisha. Asubuhi shikamoo. Akitaka maji anaomba. Akimaliza kula anashukuru, anaosha sahani, anaigeuza kwenye kichanja. Aliniita mama bila shida yoyote, na mwanzoni hilo lilinifurahisha mpaka nilipokumbuka kwamba Lupembe kila mwanamke mwenye mtoto ni mama, akiwemo muuza maandazi. Nilikuwa nimeota mtoto atakayenivuta kanga na kunigombeza. Nilipewa mgeni mwema.

Jioni alikuwa akikaa kizingitini, uso barabarani. Nilidhani anapenda magari, na magari kwetu hayakosekani, malori ya mbao na ya viazi yanapita mpaka giza linaingia. Kwenye chakula alikuwa akibakiza kiazi kimoja, anakifunika kwa kisahani, anakiweka juu ya kabati. Nilidhani ni tabia ya kuweka kiporo. Mama yangu anayo, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Asubuhi mimi nakila kile kiazi na chai ya rangi, siku inaendelea.

Darasani alikuwa hodari. Siku ya kanga alileta kiazi, akakitaja, akakiweka na vya wenzake bila ubishi. Mavikombe hakuwa nayo. Mei ilipofika nikawapa zoezi ninalolipenda kuliko yote: kila mtoto aseme kwao kuna kitu gani kimoja na vitu gani vingi. Hapo ndipo mwalimu anapoyajua majumba ya watu bila kuyabishia hodi. Mmoja akasema kwao kuna mbuzi wengi na mlango mmoja. Mwingine akasema kuna watoto wengi na kitanda kimoja, wenzake wakacheka, mimi sikucheka. Wa tatu akasema kwao kuna simu nyingi na chaja moja, na nikamwamini.

Ikafika zamu ya binti yangu. Akasimama wima, mikono nyuma.

"Kwetu kuna majani mengi na bibi mmoja."

Ilikuwa sahihi. Nikasema mpigieni makofi ya kilo, wakapiga, na mimi nikapiga. Lakini watoto hawaachi jambo lipite. Kabinti kamoja ka mbele, kanakokaa nyumba ya pili na yetu, kakageuka kumtazama.

"Wewe si kwenu kwa mwalimu?"

"Hapa nimekuja kusoma," akajibu, akakaa.

Aliyesimama baada yake alisema kitu kuhusu ng'ombe, na sikukisikia. Mapumziko nilikaa ofisini na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Chai yenyewe bila shaka ilitoka kule kule, labda kwenye vichaka ambavyo mama yangu amevichuma kwa mikono yake, na nilijikuta namwonea wivu mama yangu mzazi, wivu wa kweli. Nilikuwa nimehesabu kwamba tatizo letu ni umbali, na umbali ukiisha mambo yatajipanga. Kumbe mtoto yuko chumba cha pili na bado nina hamu naye ile ile ya miaka yote.

Jioni alipofunika kiazi chake nikamuuliza.

"Mwanangu, hicho unambakizia nani?"

"Bibi."

"Bibi yuko Lupembe."

"Wameenda kuchuma. Wakishapima majani wanakuja."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Nikamuuliza nani alimwambia kwamba bibi anakuja. Hakuna aliyemwambia. Ila mtu anayekwenda mbali anaaga, akasema, na bibi hawakuaga. Walikwenda tu shambani, na anayekwenda shambani anarudi jioni.

Nilibaki na mwiko mkononi. Tangu Januari mpaka Mei mtoto wangu alikuwa anangoja jioni ya siku ile ile. Mimi niliyedhani amezoea, niliyejisifu kwa majirani kwamba hakulia hata mara moja, nilikuwa nimeishi na mtu ambaye bado hajafika. Kulia angelilia nini, na kwa hesabu yake hakuna aliyeachana na mtu?

Ningeweza kumwambia pale pale kwamba bibi haji. Lakini niliona kwamba si mimi wa kulisema hilo. Nikimwambia mimi, nitakuwa mama aliyemnyang'anya bibi. Akiendelea kungoja, siku moja atachoka, na siku hiyo atamchukia mmoja wetu, na sijui ni yupi. Ilibidi tupande Lupembe, mama aseme kwa kinywa chake. Na hapo ndipo palipokuwa na hofu yangu, kwa sababu mtoto akishasikia anaweza kukataa kurudi, nami sina nguvu ya kumburuta mtoto kutoka miguuni kwa mtu aliyemlea.

Tulikwenda likizo ya Juni. Njombe mjini baridi ilikuwa imeshika watu masikio. Stendi nzima ilikuwa makoti na mvuke wa vinywa. Nikanunua mkate na sukari kwa ajili ya mama, na soksi ndefu za sufu. Kutoka hapo gari likachukua barabara ya vumbi, misitu ya misindano ikaja ikapita, halafu chai ikaanza, kijani kilichokatwa usawa mmoja mpaka ukungu unapokimeza. Binti yangu alikuwa ameshikilia kiti cha mbele kwa mikono yote miwili.

Alipomwona bibi yake hakukimbia. Alitembea mpaka kwake, akasimama, akaweka mikono kiunoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Bibi, majani hayajaisha tu?"

Mama yangu akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. "Kamwene," akanisalimu, nami nikaitikia kamwene, na tayari mtoto alikuwa ameshaanza kuongea.

Aliongea wiki nzima. Aliongea Kibena kilichochanganyika na Kiswahili cha shuleni, alimsimulia bibi kuhusu treni, kuhusu upepo unaobeba ndoo, kuhusu mtoto wa darasani anayelia akitakiwa kuachia gunzi. Alimwigiza mwalimu anavyopiga makofi, na mwalimu mwenyewe nimekaa pale pale. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimemzaa, nimemfundisha herufi, na sikuwa najua kwamba mtoto wangu ni msemaji. Ule ukimya wote ulikuwa ni wa kwangu peke yangu. Nilikaa mekoni namenya viazi, nasikiliza, natamani kile kicheko kihamie Mahongole, na natamani pia kisikome hata kama hakitahama. Matamanio hayo mawili hayapatani, na nilikuwa nayo yote kwa pamoja.

Siku moja kabla ya kuondoka niliingia shambani na mama. Juni chai haina haraka, majani ni machache, lakini kichaka hakiachwi. Unachuma majani mawili na chipukizi lake, unayatupia juu ya bega ndani ya tenga la mgongoni, vidole vinajua njia hata kama kichwa kiko kwingine. Mtoto alikuwa mstari wa chini, anachuma na kuimba.

"Mama," nikasema, "safari hii muageni."

"Nani?"

"Mjukuu wenu."

Vidole vyake havikusimama. "Hatuagi sisi. Unajua."

"Najua. Yeye hajui. Anawangoja mpaka leo. Kila jioni anawawekea kiazi."

Hapo akasimama. Akatazama mstari wa chini, kofia ndogo ya sufu inayoonekana na kupotea kati ya vichaka.

"Kiazi," akasema.

"Kila jioni. Anasema hamkuaga, kwa hiyo mko shambani."

Mama akapangusa vidole kwenye gunia alilojifunga kiunoni. "Nikimuaga atakataa kwenda."

"Akikataa, atabaki." Nilisema neno hilo kwa haraka nisijipe nafasi ya kulimeza, na lilipokwisha kutoka nilitamani kulirudisha. "Lakini asipoagwa hafiki, mama. Nimekaa naye nusu mwaka na hajafika."

"Wewe Kiswahili kingi," akasema, si kwa ukali. Akachuma tena kidogo. "Mimi sijui kuaga, mwanangu. Nikianza kuaga nitalia. Mtoto akiona bibi wanalia, ataondoka kwa mguu gani?"

Kusema kweli nilikuwa na hasira. Nilitaka kumwambia kwamba wao wanakwenda kujificha kwenye chai, na sisi tunaobaki na watoto ndio tunaoyala machozi ambayo hawakutaka kuyatoa. Sikumwambia, maana ni mama yangu. Tulimaliza mstari, tukaenda kupima, lori likaja likabeba.

Asubuhi niliamka na harufu ya moshi. Jiko limewashwa. Viazi vimechemshwa na kufunikwa. Nikatazama ukutani kabla sijavaa hata kandambili, na tenga halikuwepo.

Binti yangu naye alitazama ukuta. "Bibi wameenda kuchuma," akasema, akavuta kigoda akaanza kula. Alikuwa mtulivu kabisa, na utulivu ule ndio ulionivunja. Nilijua tunarudi Makambako kungoja jioni nyingine, na safari hii nitaingoja nikijua. Nilifunga mizigo kwa vishindo. Niliufunga mlango, nikaficha ufunguo juu ya mwamba wa paa, nikamshika mtoto mkono, tukashuka kwenda barabarani.

Ukungu ulikuwa umelala njiani, huoni mtu mpaka umfikie. Basi husimama karibu na banda la kupimia majani, na tulipolikaribia niliona mtu amekaa kwenye benchi la wachumaji. Alikuwa mama. Tenga lilikuwa miguuni pake, tupu. Gunia la kazini alikuwa amelifunga juu ya gauni lake la kanisani.

"Nimefika shambani," akaniambia, "mikono ikakataa."

Akamvuta mtoto, akamweka katikati ya magoti yake. Akamfunga kifungo cha sweta kilichokuwa kimefungwa tayari, akakifungua, akakifunga tena.

"Sikia. Leo nakuaga. Unakwenda mbali, kwa mama yako, unakaa kule. Mimi nabaki hapa. Siji Makambako."

"Mkishapima majani?"

"Hata nikishapima. Siji. Kile kiazi ule mwenyewe, au umpe mama yako. Likizo unakuja wewe, unanikuta. Umenisikia?"

Mtoto alimtazama usoni. Halafu akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo, akajikunja kwenye gunia lenye utomvu wa chai, akapiga magoti ya bibi yake kwa ngumi, na bibi yake akalia vile vile kama alivyosema atalia, wazi, bila kujifuta. Mimi nilisimama na mabegi. Ile miezi yote ya ukimya ilikuwa inatoka pale benchini, na sikuingilia. Nilikuwa nangoja neno moja tu, siendi, na nilikuwa nimeshaapa moyoni kwamba likitoka nitaliheshimu.

Basi likatokea, taa zinawaka ndani ya ukungu, likasimama. Kilio kilikuwa kimepungua mpaka kwikwi. Mama akamsimamisha mtoto, akamfuta kamasi kwa pindo la gauni lake zuri, akamgeuza uso kuelekea kwangu. Siendi halikutoka. Mtoto alikuja akasimama pembeni yangu, anavuta pumzi kwa vipande.

Niliinama kumsalimu mama kwa mara ya mwisho, nichukue na begi dogo. Akanishika kifundo cha mkono.

"Na wewe," akasema.

Nilidhani nimesahau kitu.

"Wewe sikukuaga. Ulipokwenda sekondari."

Sikuwa nimeifikiria asubuhi ile kwa miaka. Nilikuwa mkubwa kuliko binti yangu, lakini bado mtoto, sare mpya inanining'inia, sanduku la bati mlangoni, viazi vimefunikwa, ukuta mtupu. Sikulia. Nilifika bwenini nikasifiwa na matroni kwa kutolia. Nikamaliza sekondari, nikaenda chuo, nikazaa, nikafundisha, na wakati wote huo jioni ikiingia kuna kitu hunivuta nitoke nje nikatazame njia. Mtoto wangu alipochukuliwa nikaipa hamu hiyo jina lake. Kumbe ilikuwepo kabla hajazaliwa. Ilikuwa ya mwanamke huyu aliyekaa benchini na tenga tupu, ambaye nilikuwa nimemngoja atoke shambani.

"Nenda salama, mwanangu," mama akaniambia. "Nimechelewa kukuambia."

Nililia mbele ya basi zima. Mimi, mwalimu, ninayewaambia watoto wa watu kwamba wakubwa hawalii stendi. Nilimwangukia mama yangu shingoni, nikanusa moshi na chai, na sikutaka kuachia. Konda akapiga bodi, akapiga tena. Abiria mmoja akasema tusilaumu, ni mzazi.

Halafu nikasikia kanga yangu inavutwa kwa nyuma, kwa nguvu, vile mtoto anavyomvuta mtu wake anayemchelewesha.

"Mama," binti yangu akasema, macho bado mekundu, begi dogo ameshalibeba yeye. "Tumeshaagwa. Twende."